Uwanja wa Katikati: Dar es Salaam kwa Macho ya Mgeni

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida methali hii hutumika kumkaribisha mtu aliyekuja na zawadi mkononi. Nadhani ina maana nyingine pia. Mwenyeji huuzoea mji wake hata akafika mahali haoni tena kilichomo. Hupita mbele ya jengo lilelile kila asubuhi akiwaza nauli na ada ya watoto. Mgeni hana haraka hiyo. Yeye husimama na kuuliza: hili lilijengwa lini, lilijengwa na nani, na kwa nini liko hapa wala si pale?

Nilifundisha historia katika shule za sekondari huko Tabora kwa miaka 31. Katika miaka hiyo yote nilifika Dar es Salaam mara nyingi, lakini kwa safari za kikazi tu: kufuata mitihani, kufuata barua, kulala usiku mmoja na kurudi. Nilipostaafu niliazimia kuja kulitazama jiji lenyewe, mtaa kwa mtaa, kwa miguu. Mwaka 2025 nilipanda basi hadi Dodoma, na kutoka hapo nikapanda treni ya umeme iliyoanza kazi mwaka 2024. Niliteremka katika stesheni mpya ambayo paa lake limechongwa kwa pembe kama jiwe la tanzanaiti. Nikafikia kwa mjukuu wangu, kijana anayeuza vifaa vya simu Kariakoo.

Nilipomweleza kwamba nataka kwenda mjini kutazama majengo, alicheka sana.

"Babu, kule Posta kuna nini? Maghorofa tu."

Nilimjibu kwamba mimi natafuta mistari. Mjukuu wangu hakunielewa, na sikumlaumu, maana mistari ninayoisema haikupakwa rangi barabarani. Iko ardhini tangu mwaka 1891.

Nianze na asili ya mji wenyewe. Palikuwa na kijiji kilichoitwa Mzizima, cha Wazaramo na Washomvi, wavuvi na wakulima. Miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliipenda bandari ile iliyojificha nyuma ya mlango mwembamba wa bahari, akaanza kujenga mji na kuuita Dar es Salaam. Majid alifariki mwaka 1870, na ujenzi ukafa naye. Jengo mojawapo la enzi zake lililobaki ni Boma la Kale, karibu na bandari, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nililigusa ukuta wake kwa kiganja. Ni mnene, na ndani yake kuna ubaridi hata saa sita mchana. Siku hizi ndani ya jengo hilo kuna kituo cha kuhifadhi urithi wa majengo ya jiji, na humo mtu anaweza kuona picha na ramani za Dar es Salaam ya zamani.

Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mwaka huohuo walitoa sheria ya ujenzi, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji awe makini. Sheria ile iliugawa mji katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza, upande wa mashariki unaopata upepo wa bahari, palitakiwa nyumba za aina ya Kizungu tu. Sehemu ya pili, katikati, palitakiwa nyumba za vifaa vya kudumu. Sehemu ya tatu, upande wa magharibi, ndiko ziliporuhusiwa nyumba za miti na udongo.

Angalia ujanja wa sheria hiyo. Ilitaja ukuta na paa, wala haikuhitaji kutaja rangi ya ngozi. Lakini nani aliyekuwa na fedha ya mawe, vigae na mbao za kutoka ng'ambo? Sheria ilipima nyumba, na kwa kupima nyumba ikampima mwenye nyumba. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba mwaka 1916 waliukuta mpango huo, wakauona unafaa, wakauendeleza. Ndiyo maana hata leo wakazi husema Uzunguni na Uhindini bila kufikiri kwamba wanasoma sheria ya zamani kwa sauti.

Asubuhi ya kwanza nilitembea sehemu ya kwanza. Kanisa la Azania Front la Kilutheri, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1898, lina paa la vigae vyekundu na mnara unaotazama bandari. Si mbali nalo liko Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, lililojengwa kuanzia mwaka 1897. Ukielekea mashariki unakuta njia pana zenye miti mikubwa, bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1893, nyumba zenye baraza pana za kuzunguka pande zote, na mwisho kabisa, pembeni ya bahari, hospitali ya Ocean Road ya mwaka 1897. Majengo haya ni mazuri, na hakuna faida kuyaonea haya. Mafundi waashi waliopanga matumbawe yale na kuyapiga chokaa walikuwa watu wa pwani yetu. Lakini uzuri wake ulihitaji nafasi, na nafasi ilipatikana kwa kuwasogeza wengine.

Katika mtaa wa Samora nilisimama kwenye sanamu ya Askari. Mtaa huo umebadili majina kama mtu anayebadili kanzu: Wajerumani waliuita kwa miti ya mikakaya iliyoupamba, Waingereza wakaendelea kuuita Acacia, uhuru ulipokuja ukaitwa Independence, kisha ukapewa jina la Samora Machel. Mahali pa sanamu napo pamebadilika. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha hapo sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann. Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha hapo askari wa Kiafrika wa shaba, ameinama kidogo na bunduki yenye singe, uso kuelekea bandari. Maandishi yake yanawakumbuka askari na wapagazi waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Maneno yanawataja wapagazi, lakini aliyechongwa ni askari. Kule Nairobi, katika sanamu ya aina hiyohiyo, mpagazi naye amesimama pamoja na wenzake. Hapa hayupo. Jambo hilo lilinigusa kwa sababu ya babu yangu mzaa baba. Alikuwa Mnyamwezi wa vijiji vya kusini ya Tabora, na wakati wa vita ile alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Mzigo mmoja ulikuwa kilo 20 na zaidi, kichwani, siku baada ya siku, kwa unga kidogo na maji machafu. Wapagazi waliokufa kwa maradhi na njaa katika vita ile, pande zote mbili, ni makumi ya maelfu. Babu alirudi. Nilikuwa mtoto alipofariki, na ninachokumbuka ni kwamba alikuwa hataki kuona chakula kinamwagwa, na kwamba aliyemwuliza habari za vita alijibiwa kwa kutumwa kuchota maji. Dar es Salaam hakuwahi kuiona.

Siku ya pili nilikuwa Uhindini. Ukitaka kuujua mtaa huu, usitazame vioo vya maduka. Inua macho. Juu ya ghorofa ya kwanza na ya pili utaona roshani za zege zilizoviringwa, madirisha yenye mapambo, na kileleni mwaka wa ujenzi: elfu moja mia tisa na thelathini na kitu, au arobaini na kitu, pengine na jina la ukoo uliojenga. Chini duka, juu familia: ndivyo nyumba ya mfanyabiashara ilivyopangwa. Jamatkhana ya Wakhoja yenye mnara wa saa, na mahekalu ya Wahindu ya Kisutu, yanaonyesha kwamba watu hawa hawakuja kupanga tu. Walikuja kuzaa, kuoana na kuzikwa.

Nao pia mji uliwapima. Mwaka 1971 Serikali ilitoa sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, na yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Nia ilikuwa kuzuia watu wachache kuishi kwa kodi za wengi. Sehemu kubwa ya majumba hayo ilikuwa ya Wahindi, na familia nyingi zilihama nchi. Nilipokuwa mwalimu kijana nilifundisha jambo hili kwa sentensi mbili. Ukisimama chini ya jina la ukoo lililochongwa juu ya nyumba ambayo ukoo huo hauimiliki tena, unaona kwamba sentensi mbili hazitoshi kulieleza.

Sasa nifike penye kiini cha insha hii. Ukitoka Uhindini kuelekea magharibi unavuka barabara ya Bibi Titi Mohamed, na ghafla majengo yanakoma. Mbele yako uko uwanja mrefu wa miti na nyasi: Mnazi Mmoja. Mgeni atadhani ni bustani iliyowekwa kwa ajili ya kupumzika. Sivyo ilivyoanza. Ardhi hii iliachwa wazi kwa makusudi ili kutenga mji wa maduka na mji wa Waafrika. Wakubwa wa siku zile walisema ni kwa sababu za afya, kwamba maradhi yasivuke. Kwa hiyo uwanja ulikuwa ukuta, ila ni ukuta usio na mawe.

Tazama kilichotokea. Mahali palipotengwa ili watu wasikutane, ndipo watu walipokutana. Palikuwa wazi, pakubwa, na karibu na kila mmoja. Mikutano ikawa pale, sala za Idi zikawa pale, na sherehe pia. Ng'ambo ya uwanja, katika mtaa ulioitwa New Street na ambao sasa ni Lumumba, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Bibi Titi mwenyewe, mwanamke wa mjini hapa aliyejulikana kwanza kwa kuimba katika ngoma za wanawake, aliwakusanya wanawake wa mitaa hii kuingia katika chama. Leo jina lake limelala juu ya ukingo wa mpaka ule, na barabara inayoukata uwanja kutoka mjini kwenda Kariakoo, iliyoitwa Kichwele, inaitwa Uhuru. Katikati ya uwanja uko mnara wenye Mwenge wa Uhuru. Waliochora mstari ule walifikiri wanatenga watu. Kumbe walikuwa wanawatayarishia uwanja.

Nilikaa pale juu ya benchi kwa saa nzima. Wanafunzi walipita, wachuuzi wa karanga na kahawa walipita, mzee mmoja alikuwa amelala chini ya mti na viatu vyake ameviweka kichwani kama mto. Nilijisikia nimesoma ukurasa ambao nilikuwa nikiufundisha bila kuufungua.

Baada ya uwanja kuna Kariakoo. Wajerumani walipanga mji huu wa Waafrika mwishoni mwa utawala wao, mitaa iliyonyooka inayokatana kama mistari ya daftari la hesabu. Walijenga na jengo kubwa ambalo vita viliwazuia kulitumia. Waingereza walipoingia waliweka hapo kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na jina hilo katika vinywa vya watu likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna mtaa wenye asili hiyohiyo ya jina. Basi huyu ndiye mpagazi niliyemkosa kwenye sanamu. Hakuchongwa kwa shaba, lakini jina lake linatajwa kila siku na makondakta wa daladala, na maelfu ya watu hulipa nauli kwenda kwake. Nilipoona kibao cha Mtaa wa Nyamwezi nilisimama kidogo. Mjukuu wangu, ambaye hupita hapo kila siku, aliniuliza kama nimechoka. Nilimsimulia habari za babu yangu pale pale barabarani, mikokoteni ikitupita huku na huku.

"Kwa hiyo, babu, sisi tuna kwetu hapa," alisema.

Sikuongeza neno.

Nyumba iliyoijenga Kariakoo, na baadaye Ilala, Magomeni na Temeke, ni ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili. Msomaji wa pwani na wa miji ya bara anaijua. Mbele kuna baraza. Unaingia katika korido moja ya katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na mwisho wa korido unatokea uani, penye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Zamani kuta zilikuwa za miti na udongo, boriti za mikoko, na paa la makuti. Baadaye yakaja bati na matofali ya saruji. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Si wanaume tu walioimiliki. Wanawake wengi wa mji huu walijipatia nyumba kwa kuuza vitumbua, maandazi na pombe, wakalea watoto kwa kodi.

Hakuna mhandisi anayesifiwa kwa nyumba hii. Hata hivyo, ndiyo iliyompokea Mmanyema, Mzaramo, Mndengereko, Mnyamwezi na Myao chini ya bati moja, wakagawana ua mmoja, wakagombana juu ya zamu ya kufagia, wakapatana, na watoto wao wakaota Kiswahili kama lugha ya kwanza. Sheria ya mwaka 1891 iliiita nyumba ya daraja la tatu. Mimi naiona kuwa ndiyo shule kubwa kuliko zote nilizofundisha.

Sasa nyumba hizo zinakwisha. Katika mtaa mmoja nilihesabu maghorofa marefu pande zote na nyumba moja tu ya bati katikati. Barazani alikaa mama mmoja, amenizidi umri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, keti, jua kali."

Aliniambia nyumba ile ilijengwa na mama yake mzazi. Amekuja mwekezaji anayetaka waingie ubia: avunje, apandishe ghorofa, na familia ipewe sehemu yake. Watoto wamegawanyika. Wengine wanasema mama atapata fedha za kumtunza uzeeni. Wengine wanauliza atakaa wapi. Nilimwuliza yeye mwenyewe anataka nini.

"Mimi nataka wasigombane," alisema. "Lakini baba, ghorofa halina baraza. Nitamsalimia nani huko juu?"

Sikumpa shauri, kwa kuwa mgeni hashauri juu ya urithi wa watu. Wala siandiki haya kusema kwamba watu wabaki katika vyumba vinavyovuja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na hawatatosha wote kwenye nyumba za vyumba sita. Kujenga juu ni lazima. Lakini kuna kujenga na kuna kuparamia. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka hapa Kariakoo na kuua watu zaidi ya 25, wengi wao wakiwa katika shughuli zao za kutafuta riziki. Mjukuu wangu alinionyesha mahali pale kwa kidevu tu, bila kunyoosha kidole. Wakoloni walipima ukuta ili kumjua mwenye nyumba. Sisi tumefika mahali ambapo hatupimi ukuta kabisa.

Na si kwamba hatujui kujenga. Soko kuu la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, inayokinga mvua na kutoa kivuli, hewa ikipita chini yake kama chini ya miembe. Lilipoungua mwezi Julai mwaka 2021, Serikali ililikarabati na kujenga jengo jingine kando yake. Mtu aliyelibuni aliitazama gulio la Kiafrika kwanza, kisha ndipo akashika kalamu. Huo ndio usanifu ninaoutamani: unaoanza na jinsi watu wanavyokaa.

Yapo mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kabla nyumba ya Kiswahili haijavunjwa, wanafunzi wa usanifu waipime na kuichora, na waandike jina la aliyeijenga. Chache zilizo imara zitunzwe kama yanavyotunzwa makanisa na maboma, kwa kuwa nazo ni za historia. Wanaopandisha maghorofa wakaguliwe kwa uzito, na wawaachie watu baraza ya kukaa hata kama ni chini ya nguzo. Na mahali fulani hapo Kariakoo pawekwe jiwe dogo la wapagazi, lenye maneno machache ya Kiswahili. Mjukuu wangu amesema likiwekwa, yeye atalifagilia kila asubuhi kabla ya kufungua duka.